UZI: Bao la babu lenye shimo bovu, na namba 2,147,483,647 isiyokubali kugawika

#1 Maalim_Chake

Asalaam alaykum wana barza. Huu uzi ni mrefu, asiyekuwa na bando apite salama.

Ijumaa baada ya sala nilikaa barazani kwa babu yangu mzaa mama, hapa Chake Chake. Wazee wanacheza bao, sie wadogo tunatazama na hatuna ruhusa ya kutia neno. Bao lenyewe la urithi, la mti wa mfenesi, na shimo moja la pembeni limeliwa na mchwa mpaka limetoboka. Ukitia kete inaangukia chini. Basi wamelifunika kwa kifuniko cha chupa na wanacheza hivyo hivyo miaka nenda rudi, kwa kanuni zao wenyewe.

Mchezo ulipokwisha babu akanigeukia. "Wewe si maalim wa hesabu? Nikitia kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, nane la nne, nikawa nazidisha maradufu hivyo hivyo mpaka mwisho wa bao, nitataka kete ngapi?"

Nikamuuliza, mashimo 32? Akasema, "31. Hilo bovu unalihesabia nini?"

Hesabu hii haina haja ya kujumlisha shimo moja moja. Angalieni: shimo la kwanza 1. Mawili, jumla 3. Matatu, jumla 7. Manne, 15. Kila mara jumla ya kete zote ulizokwisha kutia inapungukiwa na moja tu kufikia zile ambazo zingeingia shimo linalofuata. Kwa hiyo mashimo 31 yatabeba pungufu ya kete moja kwa zile ambazo lingebeba lile shimo bovu. Shimo bovu lingebeba mbili 31 zilizozidishana, yaani 2,147,483,648. Toa moja.

Kete 2,147,483,647.

Babu akacheka, akasema basi tugawane hapa barazani sawasawa, tupo saba. Nikapiga kwenye simu: baki 1. Akapita mtu kusalimia, tukawa wanane. Namba ni witiri, wanane haiwezekani. Tukajaribu watu 11, baki 1. Watu 13, baki 10. Mzee mmoja pale akasema kete hizi zina kijicho.

Hazina kijicho, ni namba tasa. Haigawiki kwa chochote isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Ukizimwaga kete zote hizo kwenye busati ukataka kuzipanga mistari iliyo sawa, utapata mstari mmoja mrefu tu. Mistari miwili haiji, mitatu haiji, elfu arubaini haiji.

Kilichonileta humu ni hiki: nimejuaje? Kukwambia "haigawiki" ni rahisi. Lakini ukitaka uhakika, huwezi kujaribu namba zote bilioni mbili. Nina jibu na nitalishusha kwa vipande. Nakwenda kusomesha kwanza, nitarudi baada ya magharibi.

#2 MtotoWaWete

Nimeweka busati langu hapa, maalim. Ila hilo jina "tasa" mie halinipendezi tangu skuli. Namba imekosa nini kuitwa tasa?

#3 Maalim_Chake

Haikukosa kitu. Ni lugha ya hesabu tu, kwamba haizai kwa kugawika. Mimi napenda zaidi majina ya mwenziwe: shufwa na witiri. Hayo kila mtu hapa anayajua hata asiyegusa hesabu, maana baada ya isha unasali shufwa mbili kisha unafunga na witri moja. Watoto wangu wa tuisheni hawajawahi kukosea witiri na shufwa. Tasa ndiyo huwachanganya, wengi huandika 9 na 51.

(51 ni 3 mara 17. Msinitumie ujumbe inbox.)

#4 Kijana_wa_Bara

Mkuu mimi niko Dar lakini naingia kwenye uzi. Kumbe kanuni ni nyepesi: mashimo 2 jumla 3, tasa. Mashimo 3 jumla 7, tasa. Mashimo 5 jumla 31, tasa. Mashimo 7 jumla 127, tasa. Idadi ya mashimo ikiwa namba tasa, na jumla inakuwa tasa. 31 ni tasa, kwa hiyo jibu limepatikana. Uzi ufungwe.

#5 Bi_Mkubwa_Konde

Mwanangu usifunge uzi wa watu. Mashimo 11 je? Jumla ni 2,047, na hiyo ni 23 mara 89. Piga kwenye simu yako.

#6 Kijana_wa_Bara

Nimepiga. Samahani shangazi.

#7 Maalim_Chake

Bi Mkubwa kanitangulia. Nusu ya kanuni ya kijana ni kweli: idadi ya mashimo ikigawika, jumla nayo itagawika, hakuna ubishi. Mashimo 6 jumla 63, inagawika kwa 3 na kwa 7, zile jumla za mashimo 2 na mashimo 3. Lakini idadi ikiwa tasa, jumla inaweza kuwa tasa au isiwe. Hapo ndipo watu wazima walipoteleza.

Pietro Cataldi, Mtaliano, mwaka 1588 alihakikisha kwa kugawanya moja moja kwamba mashimo 17 (jumla 131,071) na mashimo 19 (jumla 524,287) ni tasa. Hapo kazi yake ni safi. Kisha akadai na 23, 29, 31 na 37. Ikaja kuonekana 23 si tasa na 37 si tasa, Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alizivunja (yaani alipata vigawo vyake) mwaka 1640, na ile ya 29 akaivunja Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1738: 536,870,911 ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Katika yote aliyoyadai bila kuhakikisha, Cataldi alipatia 31 peke yake. Amebahatisha, lakini kapata.

Namba za aina hii leo zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa. Naye mwaka 1644 alitoa orodha yake hadi 257, na orodha hiyo ina makosa matano: ametia 67 na 257 zisizostahili, ameacha 61, 89 na 107. Ile ya 67 iliwakaa watu rohoni miaka mingi. Mwaka 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati Marekani, Frank Nelson Cole alipanda jukwaani bila kusema neno, akaandika ubaoni 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1, akaikokotoa hadi ikatoka 147,573,952,589,676,412,927. Akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha kwa mkono 193,707,721 na 761,838,257,287. Majibu yakawa sawa. Akarudi kukaa, watu wakapiga makofi. Nikipata darasa moja namna hiyo maishani nitastaafu.

Sasa turudi kwenye bao la babu.

#8 Maalim_Chake

Hiki ndicho kipande chenyewe, someni polepole.

Kwanza, kitu kila mtu anakijua: ukitafuta kigawo cha namba, hupiti kipeuo chake cha pili. Vigawo huja wawili wawili. Kimoja kikiwa kikubwa kuliko kipeuo, mwenziwe yuko chini yake, ungeshakutana naye. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee. Kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya hapo, nazo ni karibu 4,800. Kwa mkono na kalamu, hiyo ni kazi ya kukupotezea macho.

Leonhard Euler hakujaribu 4,800. Alitazama kwanza kigawo kama kipo kinapaswa kuwa na sura gani.

Nitawaonesha kwa 23 na mashimo 11, ndogo kidogo. Anza na 2, kila hatua zidisha maradufu, na ukipita 23 toa 23 ubakishe baki:

2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1.

Hatua ya 11 umerudi kwenye 1. Hatua ya 12 utakuwa na 2 tena, unazunguka upya. Ni kama kete zinavyosambazwa bao, zinazunguka na zitarudi tu zilipoanzia. Na kwa kuwa hatua ya 11 ilibakisha 1, basi ukitoa hiyo 1 haibaki kitu: 23 inaigawa 2,047.

Sasa tuseme ipo namba tasa, tuiite q, inayoigawa namba ya babu. Mzunguko wake lazima urudi kwenye 1 katika hatua ya 31. Je, ungeweza kurudi mapema, kisha ukazunguka mara kadhaa ndani ya hizo 31? Hapana, kwa sababu 31 yenyewe ni tasa, haigawiki vipande sawa. Kwa hiyo mzunguko ni hatua 31 kamili.

Fermat naye alishasema mwaka 1640 kwamba kwa q yoyote tasa (isiyokuwa 2) hatua ya q − 1 lazima ikukute kwenye 1. Kama unarudi kwenye 1 kila baada ya hatua 31, na hatua ya q − 1 umo kwenye 1, basi q − 1 ni mizunguko mizima ya 31. Yaani q ni kigawe cha 31 ukaongeza 1. Na kwa kuwa q ni witiri, ni kigawe cha 62 ukaongeza 1. Angalieni 23 kwa mashimo 11: ni 22 (mara mbili ya 11) ongeza 1. Na 89 ni 88 ongeza 1. Hesabu inajipa.

Hapo tu umeshatupa namba tasa nyingi mno. Lakini Euler akaendelea. Hatua ya 31 ikiwa 1, hatua ya 32 ni 2. Na hatua ya 32 ni ile ya 16 ikijizidisha yenyewe. Kwa hiyo ndani ya mzunguko huo, 2 ni mraba wa kitu. Hilo halitokei kwa kila q, hutokea pale tu q ikigawanywa kwa 8 inapobakisha 1 au 7.

Unganisha masharti mawili: q lazima iwe kigawe cha 248 ukaongeza 1, au kigawe cha 248 ukaongeza 63. Basi. Hakuna q nyingine duniani ya kujaribu.

Chini ya 46,340 namba za sura hiyo hazizidi 372. Euler akazimaliza, hakuna iliyogawa, na mwaka 1772 ikatangazwa kwenye barua yake kwa Bernoulli kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati ule. Na kumbukeni mwaka 1772 Euler alikuwa karibu kipofu kabisa.

#9 NahodhaMstaafu

Maalim, mimi si mtu wa hesabu, ni mtu wa bahari. Lakini hapo kwenye "kigawo kama kipo kina sura gani" nimekuelewa vizuri. Sie usiku hatutafuti mwamba bahari nzima, tunajua mwamba unakaa wapi, pahala pengine unalala.

#10 MtotoWaWete

Kwani hizo 372 zote ni tasa?

#11 Maalim_Chake

Hata. Nyingi si tasa, unazitupa bila kugawanya. Jana nimewapa vijana wa kidato cha tatu waanze. 249 ni 3 mara 83, tupa. 311 ni tasa, jaribu. 497 ni 7 mara 71. 559 ni 13 mara 43. 745 inaishia na 5. 807, 993, zote zinagawika kwa 3. 1,055 inaishia na 5. 1,241 ni 17 mara 73, hiyo iliwashinda kidogo. 1,303 tasa. 1,489 tasa.

Chini ya 1,500 zipo namba tasa 239. Zinazotuhusu ni tatu tu! Wakagawanya, kwa kalamu, nimewakataza simu:

kwa 311, inabaki 35
kwa 1,303, inabaki 226
kwa 1,489, inabaki 199

Umeme ulikatika tukiwa kwenye 1,489, tukamalizia kwa taa ya kuchaji. Mmoja akasema, maalim, Euler naye hakuwa na umeme.

#12 fundi_darajani

Mimi nimeiona namba hii kabla ya nyinyi nyote, na sikuiona kwenye bao. Natengeneza simu na kompyuta hapa Darajani. 2,147,483,647 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye kisanduku cha biti 32 (biti ni nafasi ya 0 au 1) chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Biti moja inashika alama, 31 zinashika namba. Mashimo 31 ya babu, na lile bovu ndilo la alama!

Mwaka 2014 kuna video ya muziki wa Korea Kusini iliangaliwa mpaka ikapita idadi hiyo, ikabidi YouTube wabadilishe kaunta yao iwe ya biti 64.

Lakini kubwa ni saa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani inaziweka sekunde hizo kwenye kisanduku cha biti 32. Zitafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, Jumanne, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Wiki moja kamili baada ya sherehe za Mapinduzi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haukurekebishwa utajiona uko mwaka 1901.

#13 Kijana_wa_Bara

Saa 12 na robo asubuhi watu wengi wamelala bado.

#14 Bi_Mkubwa_Konde

Huko kwenu. Huku tumeshasali na chai iko mezani.

Maalim, ongeza na hili, nimelisomesha miaka 30 kabla sijastaafu. Chukua kete za shimo la mwisho, uzizidishe na jumla ya kete zote, pale jumla ikiwa tasa. Mashimo 2: la mwisho lina 2, jumla 3, unapata 6. Mashimo 3: 4 mara 7, unapata 28. Mashimo 5: 16 mara 31, unapata 496. Mashimo 7: 64 mara 127, unapata 8,128. Hizi ni namba kamilifu, yaani ukijumlisha vigawo vyake vyote bila yenyewe inarudi yenyewe: 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1, 2, 4, 7, 14.

Euclid ndiye aliyeonesha kwamba njia hii huleta namba kamilifu. Kwamba namba kamilifu zote za shufwa hutoka kwa njia hii na si nyingine, hilo Ibn al-Haytham wa Basra alilisema karne saba kabla ya Euler. Euler ndiye aliyekuja kulithibitisha. Watoto wetu wanamjua Euler, huyu wa Basra hawamjui.

Kwa bao la babu yako inatoka 2,305,843,008,139,952,128. Ni namba kamilifu ya nane.

#15 Maalim_Chake

Shikamoo Bi Mkubwa. Hiyo ya shimo la mwisho mara jumla yote sikuwahi kuiona kwa sura ya bao. Naiiba kesho darasani.

#16 Mwanafunzi_Tunguu

Habari zenu. Mie nasoma kompyuta chuo kikuu cha SUZA. Nauliza: leo kubwa kuliko zote ni ipi? Na wanaihakikisha vipi, maana njia ya Euler kwa namba kubwa sana nayo itachoka.

#17 Maalim_Chake

Itachoka mapema sana. Ninavyoandika, kubwa ninayoijua ni ya mashimo 136,279,841. Yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ilitangazwa Oktoba 2024. Aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani, aliyewahi kufanya kazi NVIDIA, kupitia mradi wa kujitolea uitwao GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Ni ya 52 kujulikana katika aina hii. Ina tarakimu 41,024,320.

Sitoi tarakimu zote, moderator atanifungia. Ila nipimie hivi. Ukiisoma tarakimu moja kila sekunde, bila kulala wala kula, utamaliza siku ya 475. Ukiiandika mchangani tarakimu moja kila sentimita, ni kilomita 410, na Unguja nzima toka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 85.

Na bado naweza kukwambia inaishia na nini. 2, 4, 8, 16, 32: tarakimu za mwisho zinazunguka 2, 4, 8, 6, kisha 2 tena. Gawanya 136,279,841 kwa 4, inabaki 1. Kwa hiyo tupo mwanzo wa mzunguko, inaishia na 2. Toa 1. Namba ya tarakimu milioni 41 inaishia na 1, na umeijua kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwenye lugha ya kompyuta ndiyo inapendeza: ni moja, moja, moja, mara 136,279,841, hakuna sifuri hata moja ndani yake.

Namna ya kuihakikisha nitakuandikia, ni fupi kuliko unavyodhani. Inaitwa jaribio la Lucas na Lehmer. Lucas alilianza karne ya 19, na mwaka 1876 alihakikisha kwa mkono namba ya mashimo 127, yenye tarakimu 39. Lehmer akalinyoosha karne ya 20.

Anza na 4. Kila hatua: izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoipima na ubakishe baki. Idadi ya hatua ni idadi ya mashimo ukitoa 2. Ikiishia 0, ni tasa. Isipoishia 0, si tasa. Hakuna la tatu.

Mashimo 7, namba 127, hatua 5:
4 → 14 → 194, baki 67 → 4,487, baki 42 → 1,762, baki 111 → 12,319, baki 0.

Tasa! Kwa mashimo 11 ukifanya hatua 9 utaishia 1,736, si 0, kwa hiyo 2,047 imekwama. Na angalia, jaribio limekwambia inagawika bila kukutajia 23 wala 89. Hilo hunishangaza hadi leo. Linajua mlango upo, ila halikuoneshi.

#18 Mwanafunzi_Tunguu

Nimeandika programu ya mistari kumi, nimeweka 31. Hatua 29. Imeishia sifuri. Imechukua muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Nikafikiria Euler na zile 372, nikanyamaza.

#19 mpita_njia_77

Uzi mzuri lakini tuulizane ukweli. Faida yake nini? Bei ya mchele itashuka?

#20 fundi_darajani

Yakhe, ukituma pesa kwa simu, siri yako inalindwa na nini? Njia moja maarufu, ya Rivest, Shamir na Adleman ya mwaka 1977, inachukua namba tasa mbili kubwa, kila moja ya tarakimu mia tatu na kitu, inazizidisha. Kuzidisha ni rahisi. Kumrudisha mtu kutoka jibu hadi zile mbili, ndiyo kazi ambayo Cole aliifanya kwa namba ndogo tu ya tarakimu 21.

#21 Maalim_Chake

Fundi yuko sawa, ila niongeze ukweli usiopendeza: ile ya tarakimu milioni 41 haifai kwa siri. Namba tasa ya siri inafaa ikiwa hakuna anayeijua, na hii inajulikana dunia nzima. Wanaitafuta kama watu wanavyotafuta lulu kubwa. Hakuna mtu anayekula lulu.

Lakini ya babu imefanya kazi ya kweli. Park na Miller mwaka 1988 walipendekeza kanuni ya kuzalisha namba za kubahatisha kwenye kompyuta: chukua namba yoyote, zidisha kwa 16,807 (ambayo ni 7 tano zilizozidishana), gawanya kwa 2,147,483,647, baki ndiyo namba yako mpya. Rudia. Itapita namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi ilipoanza. Ukitumia namba inayogawika badala ya hii tasa, mzunguko hauwezi kuzipitia zote. Siku hizi zipo kanuni bora zaidi, lakini hii ilitumika sana.

Mchele sina jibu lake.

#22 Kijana_wa_Bara

Maalim, na lile shimo bovu likitengenezwa?

#23 Maalim_Chake

Nilikuwa naombea mtu aulize. Mashimo 32 yote yakiwa mazima, jumla ni 4,294,967,295. Inaishia na 5, kwa hiyo imeshakufa. Nayo ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537. Vipande vitano, vyote tasa. Kila kipande ni 2, 4, 16, 256 au 65,536 ukaongeza 1. Fermat alidhani namba za mfululizo huo ni tasa siku zote. Inayofuata, 4,294,967,297, Euler akaivunja kwa 641. Fermat maskini.

Kwa hiyo mchwa ndio waliotupa namba hii.

#24 NahodhaMstaafu

Na babu anasemaje baada ya yote haya?

#25 Maalim_Chake

Leo nimekwenda na daftari la vijana, nimemueleza yote, 248, 63, Euler kipofu, hatua 29. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi mmekaa siku nne mnahakikisha hazigawiki. Mimi nilitaka kujua ni magunia mangapi."

Imebidi nichukue kete 100 za komwe nizipime kwenye mizani ya karafuu ya jirani. Gramu 250. Kete zote basi ni tani 5,368, magunia 53,687 ya kilo mia mia.

#26 Bi_Mkubwa_Konde

Umepima komwe kavu au mbichi?

#27 Maalim_Chake

Mchanganyiko, Bi Mkubwa. Kesho narudi na kavu peke yake.